Anayesoma Mikono

Tulimwacha Mkalimani kwenye ngazi za mahakama, jua la saa nane likimpiga utosini, akisoma ujumbe usio na jina la mtumaji. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Gari la dobi halitafika. Kesho amka unaumwa."

Aliusoma mara ya pili. Kisha ya tatu.

Kwa uliyejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Miezi mitano nyuma kiwanda cha magodoro kiliungua, na watu saba wakafia ndani kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa kufuli kwa nje. Aliyeona kufuli likifungwa ni mtu mmoja tu, fundi cherehani, kiziwi tangu kuzaliwa, ambaye dirisha lake linatazamana na mlango ule. Kesho asubuhi anatoa ushahidi dhidi ya Mwenye Kiwanda. Mikono yake itaeleza, na mdomo wa Mkalimani utasema. Mkalimani asipofika, kesi inaahirishwa, na kesi inayoahirishwa mara ya tatu watu wameshajua inakoishia.

Gari la dobi, lile jeupe la kubebea mashuka, ndilo lingemleta Shahidi kutoka mafichoni. Mpango huo Mkalimani aliubuni peke yake, akamweleza Shahidi tu, leo saa sita kwa simu ya video, kwa lugha ya alama. Saa mbili baadaye adui anao mkononi.

Mkalimani hakurudi ofisini. Alishuka ngazi, akavuka barabara bila kutazama upande wowote, pikipiki ikamkosa kwa unywele mmoja, dereva akamtukania ukoo. Hakusikia. Alikuwa akienda kwa Mama Bisibisi.

Mama Bisibisi ni fundi simu. Kibanda chake kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa nne, kati ya mtoa nakala na muuza miwani, na watu husema amefungua simu nyingi kuliko alivyofungua sufuria zake mwenyewe. Ana lenzi ya kukuzia aliyoifunga kipajini kama taji, na ana ulimi usiobembeleza mtu.

Mkalimani alifika akihema, akafungua kinywa aeleze. Mama Bisibisi akamwekea kidole midomoni. Akaichukua simu, akaigusa mgongo kama mtu anayepima homa ya mtoto, akakata vipande viwili vya tepu nyeusi na kuziba kamera zote mbili. Kisha akavuta kitabu cha risiti, akaandika nyuma ya karatasi: Usiseme. Andika.

Mkalimani akaandika yote, mwandiko ukimkimbia. Alipomaliza alinyoosha mkono aizime simu. Mama Bisibisi akamdaka kifundo cha mkono.

Akaandika: Ukizima, watajua tumejua.

Hapo kazi ikaanza. Fundi aliuliza kwa kalamu, mteja akajibu kwa kalamu. Simu inapata moto? Ndiyo, siku hizi hata ikiwa kwenye mkoba. Chaji inaisha haraka? Asubuhi mia, saa sita mchana thelathini. Umebonyeza kiungo chochote ulichotumiwa na usiyemjua? Hapana. Umempa fundi mwingine? Hapana, naogopa.

Mama Bisibisi alibonyeza nyota, reli, ishirini na moja, reli, kuona kama simu zinazoingia zinapelekwa kwa namba nyingine. Kioo kikajibu kwamba hakuna. Akafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa na ujumbe wake. Kulikuwa na kompyuta moja tu, ya ofisi ya mahakama, na Mkalimani mwenyewe ndiye aliyeiunganisha. Akapita kwenye programu moja moja, kidole kikishuka taratibu, na Mkalimani akisimama, akikaa, akisimama tena, hata muuza miwani akachungulia kuuliza kama kuna mgonjwa.

Mara kidole kikasimama.

Kulikuwa na programu iitwayo Huduma ya Betri, yenye picha ya gurudumu la kijivu kama programu zinazokuja na simu yenyewe. Lakini mwenye simu hawezi kuifuta, na theluthi ya chaji ya leo imeliwa na hiyo hiyo huduma ya kulinda chaji. Mama Bisibisi akacheka puani. Akaandika: Paka amepewa ulinzi wa maziwa.

Akaingia ndani zaidi, akatazama ilivyokula data. Haikuwa ikila mchana kutwa. Ililala, ikaamka, ikalala. Akalinganisha saa za kuamka na orodha ya simu zilizopigwa, na kila mara jibu likawa lile lile: inaamka Mkalimani anapopiga simu ya video, inarekodi kioo, inatuma, inalala.

Ndipo akaitua kalamu, akasema kwa sauti kwa mara ya kwanza.

"Sasa tunaweza kuongea. Hainasi sauti."

Mkalimani akadhani hakusikia vizuri. Akauliza itakuwaje jasusi asinase sauti.

Fundi akamwonyesha. Ruhusa ya kamera ilikuwa imewashwa. Ruhusa ya kurekodi kioo, imewashwa. Ruhusa ya maikrofoni ilikuwa imezimwa, na haikuzimika yenyewe, kwa kuwa programu za namna hii huja zikiwa zimewashwa kila kitu. Mtu aliyeiweka aliketi akaizima kwa mkono wake, ili data iwe nyepesi na ifike upesi.

"Miaka kumi na minane nafanya kazi hii," alisema Mama Bisibisi. "Sijaona mtu anatega sikio halafu analiziba pamba. Huyu hahitaji sikio, mwanangu. Huyu anasoma mikono."

Mkalimani akaketi juu ya ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Kweli ilikuwa imemkaa machoni tangu saa nane, naye hakuiona. Maneno "gari la dobi" hayajawahi kutamkwa na mdomo wa mtu. Hayajawahi kuandikwa. Yalipita kwenye mikono yake mara moja, mbele ya kioo, na mwizi aliyeyaokota anajua kusoma alama kama unavyosoma gazeti hili.

Na katika mji ule watu wa namna hiyo, ukiondoa viziwi wenyewe, hawazidi vidole vya mkono mmoja.

Fundi akamtazamia tarehe. Programu iliwekwa Jumapili iliyopita, saa kumi na dakika kumi na mbili za jioni, na iliwekwa kwa mkono, simu ikiwa wazi.

Jumapili ile Mkalimani alikuwa nyumbani kwa mama yake. Simu ilikuwa sebuleni kwenye chaji, yeye jikoni akiosha vyombo. Sebuleni walikuwepo watu watatu. Wa kwanza ni mama mzazi, kiziwi, ambaye simu kwake ni kioo cha kuonea watoto wake tu. Wa pili ni kaka yake mkubwa, anayesikia kama yeye, ambaye alizaliwa na kukua katika nyumba ile ya ukimya na kujua alama kabla ya kujua maneno. Wa tatu ni Mwalimu, mzee aliyemfundisha Mkalimani kazi, ambaye alipita kusalimu, naye kwa sasa amechukuliwa na mawakili wa Mwenye Kiwanda awe mkalimani wa upande wao.

Moyo wake ulikimbilia kwa Mwalimu moja kwa moja, kama maji yanavyokimbilia bonde. Mtu wa adui, anajua alama, alikuwepo. Alimwambia Mama Bisibisi kwamba mambo yamekwisha, mwizi ameshajulikana.

Mama Bisibisi alikuwa akipiga picha kila ukurasa wa simu ile kwa simu yake mwenyewe, akisema kitu hiki hakifutwi, mahakama itakitaka kikiwa kizima. Bila kuinua kichwa akauliza kama huyo mzee alijua jinsi ya kuifungua simu.

Mkalimani akafikiri. Mwalimu hakuijua ile michoro ya kufungulia. Lakini alimpa simu ikiwa wazi, atazame picha za mahafali. Kaka yake aliijua michoro, kwa sababu yeye ndiye aliyemchagulia simu ile dukani.

"Basi usiniambie mambo yamekwisha," alisema fundi. "Wapo wawili. Moyo wako umemchagua usiyempenda."

Maneno yale yalimwuma kwa kuwa yalikuwa ya kweli. Alisimama, akatembea hatua mbili, ndicho kipimo cha kibanda kile, akarudi. Saa tisa ilikuwa inapiga. Kama ni Mwalimu, kaka yake angeweza kumsaidia kumhamisha Shahidi sasa hivi, ana magari, ana nguvu. Kama ni kaka yake...

Hakuimaliza sentensi hiyo. Badala yake akapata wazo, na wazo lenyewe likamtia aibu kabla halijatimia.

Mama yao hakwenda shule. Alama zake nyingi alizibuni mwenyewe, na watoto wake wawili ndio pekee duniani wanaozijua zote. Ukibana viganja viwili na kuvigonganisha mara mbili, kiziwi yeyote aliyesoma, na mkalimani yeyote aliyefunzwa, Mwalimu akiwa wa kwanza, atakuambia hiyo ni shule. Lakini kwa mama yao hiyo ni kituo cha mabasi, kwa sababu alipokuwa bado kijana aliona milango ya basi ikijifunga hivyo, pa, pa, basi likaondoka na baba wa watoto wake.

Mama Bisibisi alipoelezwa, aliivua ile lenzi kipajini, jambo ambalo halifanyi ovyo. Akabandua tepu kwenye kamera ya mbele na kumrudishia simu.

Mama alipokea haraka, uso wake ukajaa kioo kizima, paji la uso kwanza, kama kawaida. Akauliza mwanawe amekula. Mkalimani akajibu amekula, huo ukawa uongo wa kwanza. Akatulia, akahakikisha mikono yake yote inaonekana, akaeleza kwamba yule mgeni wake wa cherehani amemhamisha, yuko mahali salama. Akabana viganja. Akavigonganisha mara mbili.

Mama akashangaa kidogo, akauliza nani anaishi pale penye vurugu zote zile. Akamwambia amchukulie blanketi, upepo wa pale haufai. Mkalimani akaitikia. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kumdanganya mama yake kwa mikono. Kwa mdomo ilikuwa rahisi, mama hasikii. Lakini mikono ilikuwa kitu kingine.

Wakaiweka simu mezani, wakaitazama.

Dakika tano zikapita. Mtoa nakala alikuja kukopa mkasi, akafukuzwa. Dakika nane. Mkalimani alikuwa akijiombea jibu liwe shule, akijiona mbaya kwa kumwombea mzee wa watu hatia, akiendelea kuomba.

Dakika ya kumi na moja simu ikatetemeka.

"Kituo cha mabasi ni kikubwa, lakini macho yetu ni mengi. Kesho amka unaumwa."

Mama Bisibisi aliusoma ujumbe. Alifungua droo, akatoa simu ndogo ya vitufe, ya zamani, isiyo na kamera wala kioo cha maana, akamkabidhi. Alisema hii haina akili ya kutosha kusaliti mtu.

Mkalimani akampigia Mwendesha Mashtaka akiwa njiani. Akamweleza kwa kifupi. Jina la kaka yake hakulitaja. Alisema tu "mtu anayesoma alama." Mwendesha Mashtaka akamwamuru asifanye lolote, askari watakwenda kumchukua Shahidi, ila wako upande wa pili wa mji na njia imefunga, wape nusu saa, labda zaidi.

Mkalimani alikata simu akiwa ameshafika kwenye lango la gereji.

Kaka yake hupaka rangi magari. Alikuwa amechuchumaa ubavuni mwa gari dogo lililofunikwa magazeti kwenye vioo, barakoa mdomoni, mikono myeupe hadi viwiko. Mashine ya upepo ilikuwa inanguruma kiasi kwamba mtu angeweza kupiga kelele pale asisikike. Kwao wawili hilo halikuwahi kuwa tatizo.

Aliinua macho, akamwona dada yake. Kabla Mkalimani hajanyanyua kidole, mikono ile myeupe ikauliza.

"Nani amekuambia?"

"Wewe," akajibu Mkalimani. "Sasa hivi. Nami sijauliza kitu."

Mafundi wengine waliendelea na kazi zao, mmoja akipiga nyundo, mwingine akipiga msasa, hakuna aliyejua kwamba katikati yao nyumba ya watu inabomoka bila sauti.

Mkalimani akamwuliza wamempa nini. Akatikisa kichwa, hawakumpa kitu. Akamwuliza basi wamemtishia nini. Kaka akashusha barakoa, akafuta jasho kwa bega, na rangi ikamchora shavuni. Kisha mikono yake ikaanza kusema polepole, kama mtu anayemsomea mtoto.

Alisema aliidanganya familia. Waliambiwa kwamba aliacha kazi ya ulinzi katika kile kiwanda wiki mbili kabla ya moto. Si kweli. Aliacha siku ya pili baada ya moto.

Mkalimani alielewa kabla hajamaliza, akafanya lile ambalo watoto wa viziwi wanajua ni tusi kubwa kuliko yote. Alifumba macho ili asione.

Kaka akamshika mabega, akamtikisa hadi akayafumbua.

"Kufuli nililifunga mimi," mikono ikasema. "Nilitumwa. Niliambiwa magodoro yanaibwa kwa mlango ule, funga. Nikafunga, nikaenda zangu upande wa mbele. Sikujua kuhusu moto. Saba, dada. Nawaona kila nikilala."

Miaka tisa Mkalimani amewasemea watu mbele ya mahakimu, hajawahi kukosa neno. Kesho angesimama kizimbani, Shahidi angeonyesha umbo la mtu aliyefunga kufuli, kimo chake, mwendo wake, na yeye ndiye angelazimika kulitamka umbo hilo kwa sauti mbele ya wote. Mwenye Kiwanda alilijua hilo tangu mwanzo. Ndiyo maana hakumgusa mtu mwingine yeyote.

Aliuliza swali moja tu, na aliliuliza kwa mdomo, sijui kwa nini. Kaka alilisoma midomoni. Wanajua Shahidi yuko wapi?

Kaka akaitikia kwa kichwa.

Alisema simu ya saa sita ilinasa zaidi ya gari la dobi. Nyuma ya Shahidi alipita mama mmoja amebeba beseni, akageuza uso. Ni nesi mstaafu, mwenye nyumba alimofichwa Shahidi, na ndiye aliyemzalisha mke wa kaka watoto wote wawili. Angemkosaje. Akawaambia. Walimwahidi watamfungia Shahidi ndani tu hadi kesi ipite, na wangekwenda saa kumi na nusu, wakati nesi anapotoka kumchoma sindano mgonjwa wa jirani.

Saa ya ukutani pale gereji ilionyesha saa kumi na dakika kumi.

Mkalimani akapiga simu ya nesi, ndiyo pekee katika nyumba ile, kwa kile kisimu cha vitufe. Ikaita hadi ikakatika. Akapiga tena. Pengine nesi ameshatoka, simu inalia mezani, na Shahidi aliye karibu nayo hawezi kuisikia. Hata mlango ukigongwa hatausikia. Hata ukivunjwa.

Akampigia Mwendesha Mashtaka, akaambiwa askari bado wako kwenye foleni.

Alipogeuka, kaka yake alikuwa ameshachana magazeti kwenye kioo cha mbele cha lile gari dogo, ufunguo mkononi. Vioo vya ubavuni vilibaki vimezibwa. Akafungua mlango wa abiria, akamwashiria apande.

Mkalimani alisimama pale. Mtu huyu alimbeba mgongoni kwenda shule mvua zikinyesha. Mtu huyu alifunga kufuli. Mtu huyu alikaa sebuleni Jumapili, wakati yeye akisuuza sahani jikoni, akamwekea jicho ndani ya simu. Na nyumba ya nesi ni mwendo wa dakika kumi na tano kwa gari, saa nzima kwa miguu.

Akapanda.

Gari liliondoka likinuka rangi mbichi. Mambo mazito wao huyasema kwa mikono, na ya dereva ilikuwa kwenye usukani. Mkalimani alishika kile kisimu kwa mikono miwili, akijaribu kuhesabu zamu za barabara kupitia kioo cha mbele, kwani pembeni hakuona kitu ila vichwa vya habari vya zamani vilivyobandikwa kwa gundi. Walipita soko la vyuma. Walipita daraja. Ikawa saa kumi na dakika ishirini na mbili.

Wakafika njia panda. Kulia ni kwa nesi. Kushoto ni barabara ya viwandani, isiyo na nyumba wala duka, inayoishia kwenye lango lililoungua la kiwanda cha magodoro.

Simu ya kaka, iliyokuwa mapajani mwake, ikawaka mwanga bila kulia. Akaitupia jicho. Akamtazama dada yake, kwa muda mrefu kuliko dereva anavyopaswa kumtazama abiria.

Kisha akapunguza mwendo, akawasha taa ya kushoto.